Chokoleti ya Kungoja Pasaka

Kurtorim, Goa
14 Januari 1996

Dada yangu Erma,

Kwanza pokea busu la Mama, busu la binti yako Melba, na busu lenye mate mengi la Zelia wangu, ambaye sasa anasimama kwa kushika kiti, na akianguka anajipigia makofi kana kwamba alikusudia. Sisi wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Mume wangu Kaitan bado anafanya kazi kwenye joko la mikate la mjomba wake, anarudi nyumbani na unga hadi masikioni. Krismasi tulikukumbuka tulipokaanga vitumbua vya nazi vya sikukuu. Mama alitenga vya kwako kwenye kopo kama kila mwaka, na kama kila mwaka vikaliwa na Kaitan.

Barua yako nimeipata. Nimesoma habari za nafasi kwa yule rafiki wa madamu unayemfanyia kazi huko Kuwait: watoto wawili wa kulea, chumba changu mwenyewe, viza itakuwa tayari baada ya Pasaka. Asante, dada. Najua umehangaika. Mkate wa Kaitan unatulisha lakini paa letu linavuja, na mvua haitungoji tujipange. Kwa hiyo nimesema ndiyo. Niliposema ndiyo Mama aliinuka akaenda kuwatazama kuku, na kuku walikuwa wameshalala.

Zelia atabaki na Mama, pamoja na Melba wako. Sasa naandika jambo lenyewe, na naomba usinikasirikie.

Unalikumbuka lile duka la oveni na vyombo pale Madgaon, karibu na soko? Mwenyewe ni Bai Sunanda. Yeye haishii kuuza dukani. Kila mwezi anachagua nyumba moja kijijini, mwenye nyumba anaalika majirani, mpishi anapika mbele yao, wanawake wanaonja, halafu wanaagiza oveni na kalibu za kuumbia chokoleti na wanajiandikisha kwa masomo ya mapishi. Mpishi wake kaolewa, kahamia Kanada. Mimi nilienda tu kununua bati la keki. Nilikuwa nimebeba keki ya ubatizo ya mtu, ya chokoleti, nipime kama bati linaenea. Akaitazama.

"Nani kakufundisha?"

"Hakuna, Bai. Naangalia tu."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba."

"Sukari haiulizi cheti," akasema. Alikata kipande, akanusa, akampa karani wake aonje, maana yeye ana kisukari. Karani akala mpaka makombo ya mezani.

Basi, dada, amenipa jaribio moja. Nyumbani kwetu, mwezi wa tatu, meza nzima iwe ya chokoleti kwa sababu ya Pasaka. Wanawake wakiagiza na kujiandikisha, kazi ni yangu, maonyesho na kufundisha masomo kila Jumamosi. Wasipoagiza, basi. Akinichukua, sitahitaji kuja kwako. Akinikataa, nakuja na sitanung'unika.

Wewe unapika kwenye karamu kubwa huko. Niambie, kwenye menyu niweke nini?

Mdogo wako,
Bina

*

Kuwait
2 Februari 1996

Bina mtoto wa mama yangu,

Nimefurahi kusikia habari za Zelia na makofi yake. Huku baridi, wala usicheke, jangwa nalo lina baridi. Nalala na soksi. Madamu kabadilisha mapazia yote ya nyumba na mimi ndiye ngazi. Mengine salama. Jumapili kanisani huwa tunajaa wa kwetu mpaka nje, nikifunga macho nadhani niko Kurtorim, nikifungua naona gari za watu.

Sijakasirika. Ningekasirika kama ungenificha.

Ila nikuambie ukweli: nafasi hii haitakaa ikikungoja. Rafiki wa madamu ni mtu mzuri, hapigi kelele, hanyimi chakula. Wapo wanaotafuta nyumba kama hiyo na hawaipati. Na mimi, nisiseme uongo, nilishaanza kufikiria tutakavyokutana Ijumaa, tukae kwenye benchi, tuwaseme watu.

Haya, menyu. Usiwape wanawake wa Kurtorim vitu wanavyovijua. Wape vya kushangaza. Madamu akiwa na wageni mimi huandaa keki ya tabaka nne yenye krimu, povu la chokoleti kwenye glasi ndogo, na chungu cha chokoleti ya moto katikati ya meza, watu wanachovya matunda. Kila kitu kiliwe pale pale, laini, cha moto au cha baridi. Mtu akishaonja cha moto hawezi kubisha.

Jihadhari na maji. Tone moja la mvuke likiingia kwenye chokoleti iliyoyeyuka inageuka mchanga, na hakuna sala ya kuirudisha. Bakuli liwe kubwa kuliko sufuria iliyo chini yake.

Mwambie Kaitan nimesamehe vitumbua.

Erma

Melba sasa anavaa viatu namba ngapi?

*

Kurtorim
24 Februari 1996

Dada Erma,

Wote hapa tunapumua, na Zelia ametembea! Hatua zake za kwanza zilikuwa kuelekea kwa paka, paka akahama nyumba. Mama anakuombea kila jioni, jina lako linatangulia la Baba Mtakatifu. Melba anavaa namba thelathini na tatu, lakini nunua thelathini na nne, anakua kama mwanzi. Nilimwambia akuandikie mistari miwili. Akasema ana kazi ya shule. Nisikudanganye, kazi ya shule alikuwa ameshamaliza.

Sasa sikiliza nilichofanya, na ucheke kwa niaba yangu maana mimi nashindwa.

Siku tulipopanga tarehe na Bai Sunanda ilikuwa wakati wa Karnivali, zile sherehe za kabla ya Kwaresima, ngoma barabarani, watu wamepakana rangi. Akauliza, "Jumapili tarehe kumi na saba Machi?" Nikasema ndiyo. Yeye ni Mhindu, ya Kwaresima hayamhusu. Mimi nimebatizwa, nimekomunika, nimefunga ndoa mbele ya altare, na sikufikiri hata kidogo. Na hata ningefikiri nisingeogopa, kwa sababu kila mwaka wanawake wanajifunza kutengeneza mayai ya Pasaka wakati wa Kwaresima, na kila mmoja anaonja kidogo akimwangalia mwenzake.

Lakini mwaka huu tuna padri mpya, Padri Zakarias, kijana, ana sauti. Jumatano ya Majivu alihubiri juu ya nyumba ya watoto yatima mpaka Bi Piedade, mzee wa kata yetu, akalia kwa sauti. Halafu akasema, "Nani kati yenu ataacha kila kitu kitamu mpaka Pasaka, sukari yake iende kwa watoto hawa? Anyooshe mkono."

Dada, mkono wa kwanza ulikuwa wangu.

Uliruka wenyewe! Nilimfikiria Zelia, nikafikiria mtoto asiye na mtu, na mkono huo ukawa juu. Nyuma yangu kanisa zima likanyoosha. Bi Piedade alinyoosha miwili. Padri akasema, "Mungu ameona." Nikiwa bado nimenyoosha ndipo nikakumbuka tarehe kumi na saba.

Nilimfuata padri chumba cha nyuma. Nikamweleza yote, hata habari za Kuwait.

"Kupika si dhambi," akasema.

"Na kunusa, Padri?"

"Kunusa si dhambi."

"Na kuonja kidogo, kwa ajili ya kazi?"

Akanitazama. "Ulinyoosha mkono wewe, Querobina, sikukunyooshea mimi." Kisha akacheka mpaka akakohoa. Dada, huyo padri si msaada.

Nikaenda kwa Bi Piedade, maana yeye akilegeza, kata nzima inalegea. Alikuwa anachambua mchele barazani, nikamkumbusha kwamba Jumapili haihesabiwi mfungo. Akaniambia, "Jumapili au Jumatatu, ahadi ni ahadi. Nitakuja kwenye maonyesho yako, mwanangu, nitakaa mbele, nitatazama kila kitu. Lakini ulimi wangu nitauacha nyumbani."

Kwa hiyo nitapika chokoleti mbele ya wanawake ishirini na hakuna atakayeionja, na mimi mwenyewe sitajua kama imetoka. Siwezi kuhamisha tarehe. Nilienda, Bai Sunanda akasema baada ya Pasaka nani ananunua kalibu za mayai.

Mama anasema labda ni ishara. Sikumuuliza ishara ya nini.

Menyu yako ya povu na chungu cha moto niliiandika vizuri kabisa, nikaibandika ukutani. Leo nimeibandua. Vitu vya kuliwa pale pale havina maana kwa watu wasiokula pale pale. Nafikiria tena.

Bina

*

Kuwait
8 Machi 1996

Bina,

Nakuandikia haraka, kuna mtu wa Chinchinim huko kwetu anapanda ndege kesho na ataibeba barua hii. Mimi mzima, mafua yamekwisha. Barua yako ya mwezi wa pili bado sijaiona kama uliiandika, na simu ya Bi Piedade nimeipiga mara kadhaa inalia kama paka aliyebanwa na mlango, sijui kama waya umekatika.

Rafiki wa madamu anataka jibu la mwisho kufikia Jumapili ya Matawi. Ana mwanamke mwingine kutoka Sri Lanka anayengoja. Bina, ni ndiyo au hapana, hataki labda.

Kuhusu onyesho lako, nimewaza usiku na mchana. Neno langu ni moja: waonje kwanza. Kabla hujafungua mdomo kueleza chochote, weka kitu midomoni mwao. Mwanamke akishameza, pochi inafunguka yenyewe. Usisahau hilo hata ukisahau mengine yote.

Kuna viatu kwenye mfuko huu, nimekisia. Visipoenea, mwambie samahani.

Erma

*

Kurtorim
18 Machi 1996

Dada Erma mpenzi,

Hatujambo, ingawa nyumba bado inanuka kakao na paka hajarudi. Viatu vimeenea kwa kuweka pamba kidogo mbele. Melba alivitazama sana, akavivaa kwenda misa, akavifuta, akavirudisha kwenye boksi lake.

Mtu wa Chinchinim alileta barua yako jana asubuhi, siku yenyewe, nikiwa nimebeba sufuria. Nikafungua nikasoma: waonje kwanza! Nilikaa chini jikoni nikacheka mpaka Kaitan akaja kuangalia kama nimeungua.

Ngoja nikueleze yote kwa mpangilio.

Menyu niliigeuza. Nilijiuliza, ni chakula gani kinachoweza kungoja? Kama hawali mpaka Pasaka, basi niwape vitu vitakavyofika Pasaka vikiwa salama. Povu halifiki. Keki ya krimu haifiki hata Jumatatu. Lakini dodol yetu, nzito kama haluwa, inakaa wiki nyingi, wala haitaki friji. Nikapika dodol ya nazi na sukari guru kama ya Mama, nikatia chokoleti mwishoni, mwiko ukisimama wenyewe. Mazapani, kinyunga kitamu cha sukari na korosho mpya, maana sasa ndio msimu, miti yote inanuka, nikaichovya kwenye chokoleti chungu. Na mayai ya Pasaka, ganda la chokoleti, ndani dodol. Vitu vitatu basi. Vyote vya kungoja.

Kupima ladha ndiyo ilikuwa kazi. Chumvi kwenye dodol niliipima kwa kumbukumbu. Mwonjaji wangu alikuwa Zelia, yeye peke yake nyumba nzima hajaahidi kitu kwa Mungu. Nilimpa kidogo kwenye ncha ya kidole. Alipokunja uso niliongeza sukari guru. Alipoanza kuning'ata kidole nilijua imekubali.

Melba alinisaidia kukoroga. Mikono imejaa chokoleti mpaka kwenye kiwiko, na hakulamba. Nikatoka makusudi, nikachungulia dirishani. Hakulamba hata hapo. Akaenda kisimani akaosha. Nikamwambia, "Mama mdogo wako nakuruhusu, wewe mtoto." Akasema, "Nimemwomba Mungu kitu. Siharibu." Kitu gani hakusema.

Basi wakaja. Bi Piedade mbele, amevaa kama anakwenda kumzika askofu. Bai Sunanda na oveni yake mpya na karani wake. Karani huyo ndiye niliyemtegemea aonje mbele ya watu. Bai Sunanda akamsukumia sahani. Karani akasema, "Samahani Bai, mke wangu ni wa hapa hapa Kurtorim, alininyooshea mkono na mimi." Wanawake walicheka mpaka viti vikalia.

Mwanzo nilikuwa nasema mbio mbio. Nilikumbuka ulivyosema juu ya mvuke, nikawaonyesha: nilidondosha tone moja la maji makusudi kwenye bakuli dogo, chokoleti ikageuka mchanga mbele yao. Wakasema "Yesu!" wote pamoja. Hapo nikatulia. Nikaanza kuwaambia watazame badala ya kuonja. Sikilizeni dodol inavyoacha sufuria, ina sauti kama kubandua plasta. Tazameni uso wa chokoleti, ukiona dirisha ndani yake iko tayari. Bi Piedade alisogeza kiti mpaka nikamwambia, "Bi, nywele zako zitaungua."

"Ziungue," akasema. "Endelea."

Mwisho sahani zilijaa na hakuna aliyegusa. Mwanamke mmoja alikuwa anameza mate, tulimsikia.

Bai Sunanda akasimama. "Nani anaagiza?" Wakatazamana. Mmoja akasema, "Bai, anapika vizuri kwa macho. Lakini tujuaje?" Na ni kweli, wangejuaje? Hata mimi sijui! Hakuna aliyeagiza kitu. Bai Sunanda alifunga kitabu chake akaniambia mlangoni, si kwa ukali, "Mikono unayo. Lakini mimi siuzi mikono. Tutaona."

Kila mmoja nilimfungia yai lake na dodol yake. Wakaogopa watoto wao watavila kabla ya siku, wakakubaliana vyote vikae kwenye friji la Bi Piedade mpaka Pasaka. Kalifunga kwa kamba ya ng'ombe.

Kwa hiyo jibu langu liko kwenye friji. Wewe unalitaka Jumapili ya Matawi, na friji litafunguliwa wiki moja baadaye. Sijui umwambie nini huyo mama. Ukiona lazima useme, sema nakuja. Siwezi kupoteza vyote viwili. Nimeandika hivyo na Zelia kalala kifuani kwangu, kwa hiyo mwandiko umepinda, nisamehe.

Bina

*

Kuwait
27 Machi 1996

Bina,

Huku salama. Barua zako zote mbili zimefika siku moja, ile ya mkono kanisani na ile ya friji. Nimezisoma bafuni, bomba limefunguliwa, ili madamu asinisikie nikicheka. Karani wa watu!

Nimemwambia rafiki wa madamu kwamba kwetu Wiki Takatifu hakuna mtu anayetoa neno mpaka Bwana afufuke, ndiyo dini yetu. Kaniamini. Akasema atangoja Pasaka ipite, siku chache tu. Nitaungama kwa padri wa huku, yeye hanifahamu.

Kwa hiyo sijasema unakuja. Sikuweza kulitamka.

Melba kaomba kitu gani? Ukijua niambie. Hata kama ni kibaya.

Erma

*

Kurtorim
9 Aprili 1996

Dada Erma, dada yangu,

Amefufuka kweli! Mama anakusalimu na goti lake, lililopanda mlima wa Njia ya Msalaba bila kulalamika na sasa linalalamika kwa yote. Kaitan anakusalimu. Zelia anasema neno moja, "tena," na najua nani kamfundisha: chokoleti.

Barua yako ya bafuni ilifika Jumamosi Kuu. Ungeniona! Nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo za Zelia za mwaka ujao, kuzipanga kwa ukubwa, ili Mama ajue ya kuanza na ya kufuata. Niliposoma kwamba hujasema, nilikaa juu ya nguo zile.

Lakini Ijumaa Kuu ilikuwa mbaya kwanza. Umeme ulikatika kata nzima tangu asubuhi, na joto unalijua. Nilikwenda kwa Bi Piedade. Alikuwa amekaa mbele ya friji na upepeo, analipepea friji, kwa nje. Nikamwambia tufungue tuone. "Ijumaa Kuu? Hata." Umeme ulirudi kesho yake.

Usiku wa Pasaka baada ya misa watu hawakwenda kwao. Walikuja wote uani kwa Bi Piedade na mishumaa yao mikononi. Akafungua kamba. Dada, mayai yalikuwa meupe! Yote yamefunikwa utando kama vumbi la chokaa. Yaliyeyuka yakaganda tena, mafuta yakapanda juu. Mtu akasema, "Chokoleti imeota mvi." Wengine wakacheka, mimi sikuweza. Nilimwona Zelia begani kwa Kaitan na nikaanza kuhesabu nguo kichwani.

Bi Piedade akasema, "Mvi ninazo na mimi, na bado niko mzima." Akalivunja lake. Akatia mdomoni. Akafumba macho. Sisi wote tukautazama ule mdomo unavyotafuna, polepole, meno yake si mengi. Alikula lote. Kisha akanyoosha mkono akachukua la jirani yake.

"Bi, hilo langu!"

"Lilikuwa lako."

Hapo ndipo uwanja ulipopasuka. Kila mtu anavunja, anatafuna, anapiga kelele, watoto wanavutana dodol. Mtu kaniuliza nimetia nini, mwingine kasema korosho zile hazikuwa korosho zilikuwa ubatizo wa pili. Mimi nilionja mwisho. Nikakuta chumvi imezidi kidogo kwenye dodol, na ndiyo iliyoifanya nzuri. Tangu Jumatano ya Majivu sikuonja kitu kitamu, nilihisi ulimi umezaliwa upya, na nadhani wote walihisi hivyo. Hakuna mpishi Goa nzima aliyepata midomo yenye njaa kama ile.

Jana, Jumatatu, Bi Piedade aliwapanga barazani kwake, akapanda nao basi mpaka Madgaon, wanawake kumi na wanne. Wakamkuta Bai Sunanda hajafungua vizuri. Karani kanisimulia. Bi Piedade aliingia wa kwanza akasema, "Oveni moja. Na jina langu kwenye masomo. Nina miaka sabini na moja, sitaki kucheleweshwa."

Leo Bai Sunanda kaja mwenyewe kwa teksi. Kazi ni yangu, dada. Kila Jumamosi. Akasema, "Kwaresima ijayo tufanye tena hivyo hivyo. Wasionje." Nilimkumbatia, sari yake nzuri yote, na mikono yangu ilikuwa na samaki.

Sitakuja. Naliandika hili na mkono wangu mwepesi kama karatasi. Sitakuja, Erma.

Uliuliza habari za Melba, ukasema hata kama ni kibaya. Nilitaka nisiandike. Lakini hujawahi kunidanganya. Aliomba mimi nisiende. Nilimuuliza kwa nini hakuomba wewe urudi. Akaniambia, "Hilo niliomba nikiwa darasa la kwanza, halikuwezekana. Safari hii niliomba kitu cha karibu." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anakula yai lake, uso mzima chokoleti.

Nilimfuta uso. Jibu lake nakuachia. Wewe unalo?

Bina wako

*

Kuwait
21 Aprili 1996

Bina mdogo wangu,

Mabusu kwa wote, na makubwa zaidi kwa Bi Piedade, mwambie mwizi wa mayai nampenda. Mimi mzima wa mwili. Pasaka yetu huku ilikuwa nzuri, tuliimba.

Ya Melba nimeyasoma. Nimeyasoma mara nyingi, na mara nyingine nimekunja karatasi nikaifungua tena kana kwamba maneno yatakuwa mengine. Asante kwa kutonificha. Mwambie hivi, kwa maneno haya haya: Mungu wa darasa la kwanza hakuwa amekataa, mama yako ndiye aliyechelewa. Mwambie aombe tena cha mbali. Nimemwomba madamu likizo ya mwezi wa kumi na mbili. Alinyamaza, lakini hakusema hapana, na namjua, hapana yake haikawii. Kuhusu kurudi moja kwa moja sisemi kitu kwenye karatasi. Nitasema nikiwa nimekaa mbele yake.

Nilikuwa na hofu mbili, Bina. Niliogopa usifaulu uje huku, halafu siku moja Zelia naye aulizwe namba ya viatu kwa barua. Na niliogopa ufaulu, nibaki na benchi langu peke yangu. Barua yako ilipofika hofu ya kwanza iliondoka na sijui kwa nini ile ya pili iliondoka nayo. Usiku ule nililala bila soksi, na asubuhi madamu akaniuliza nani kanifurahisha.

Jibu nilimpelekea yule rafiki yake mwenyewe, nyumbani kwake, nikiwa nimevaa gauni la kanisani. Nikamwambia mdogo wangu haji.

Akauliza, "Amepata nyumba nyingine?"

Nikasema, "Hapana, mama. Amepata kazi kwao."

"Kazi gani?"

Nikataka kusema anapika. Nikataka kusema kuna duka, kuna oveni, kuna Jumamosi. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Ni mwalimu."

Akainamisha kichwa kwa heshima, Bina. Kwa heshima. Akaniinukia kunifungulia mlango.

Erma